Tumchangie Mgonjwa Kabla ya Kuchangia Msiba



Ndugu wapendwa, liko jambo ambalo sote tunaliona katika parokia zetu za hapa Dodoma, wala si vema tuendelee kulinyamazia. Mtu akifariki dunia, saa chache tu baadaye turubai limekwisha simamishwa, masufuria yamekusanywa, na daftari la rambirambi linapita nyumba kwa nyumba. Kabla ya jua kuzama, fedha ya jeneza, ya gari na ya chakula cha waombolezaji imepatikana. Ndugu walioko Dar es Salaam wametuma kwa simu. Jirani asiye na fedha ameleta mbuzi au debe la mtama. Upendo huu ni urithi mwema, nasi hatuna neno la kuulaumu. Lakini ni mara ngapi marehemu huyo huyo alikaa nyumbani miezi mingi, barua ya rufaa ikiwa chini ya godoro, akingojea nauli iliyokuwa ndogo kuliko bei ya mchele uliopikwa msibani kwake?

Neno tunalotaka kulisema juma hili ni hilo, na tunalisema hasa kwa ajili ya wagonjwa wa saratani: jumuiya ya Kikristo imchangie mgonjwa angali hai, kabla haijachangia mazishi yake. Na ili tuelewe kwa nini saratani inadai mkono wa jumuiya nzima, wala si wa familia moja peke yake, yatupasa kwanza tujue tiba zake ni zipi, zinafanyaje kazi, na zinamdai mgonjwa nini.

Ugonjwa huu si mgeni tena kwetu. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba Tanzania ilipata wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 kwa mwaka mmoja, na waliofariki walikuwa zaidi ya 26,000. Kwa wanawake inaongoza saratani ya mlango wa kizazi, nayo ya matiti huifuata. Kwa wanaume iko ya tezi dume. Na ile ya umio, yaani njia ya chakula, haichagui. Madaktari wa Taasisi ya Saratani Ocean Road wamekuwa wakisema kwa miaka mingi kwamba wagonjwa wao wengi hufika wakiwa katika hatua ya tatu au ya nne. Hapo ndipo ilipozaliwa ile imani kwamba saratani haiponi. Tunawaona waliochelewa wakifa, nasi tunahitimisha kwamba tiba ndiyo iliyoshindwa. Waliowahi wakapona wamerudi mashambani kwao kimya kimya, na aghalabu wenyewe hawapendi kutaja jina la ugonjwa waliougua. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua.

Mlango wa kwanza wa tiba ni kipimo. Hakuna daktari mwaminifu atakayeanza kutibu saratani kwa kutazama uvimbe kwa macho tu. Ni lazima akate kinyama kidogo, kipelekwe maabara, mtaalamu akitazame kwa darubini na kuandika ni saratani ya namna gani. Baadaye hufuata picha na vipimo vingine vya kuonyesha umefika wapi. Wapo wanaoeneza hofu kwamba uvimbe ukiguswa na kisu husambaa, na kwa sababu hiyo mgonjwa hukimbia siku ile ile anapoambiwa habari ya kinyama. Tunawasihi msiwasikilize. Anayekataa kipimo hajaukwepa ugonjwa, ameukwepa msaada. Tena majibu huweza kuchukua majuma, na katika kungoja huko wengi hupotea: wamerudi kijijini, simu imebadilishwa namba, msimu wa kulima umeingia. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya jumuiya ni ndogo nayo haihitaji fedha nyingi: kuhakikisha kwamba mtu anayafuata majibu.

Baada ya hapo tiba zenyewe ni za aina kadhaa, na mara nyingi mgonjwa hupewa zaidi ya moja kwa mpango maalumu.

Ya kwanza ni upasuaji. Uvimbe ulio mdogo, ambao haujavuka mipaka ya mahali ulipoanzia, huweza kuondolewa wote, na mtu akapona. Ndiyo maana kidonda cha ngozi kisichopona kwa ndugu yetu mwenye ualbino kisiachwe hata kidogo chini ya jua hili letu la Dodoma: leo ni upasuaji mdogo wa asubuhi moja, kesho kutwa ni jambo jingine kabisa. Na kwa mlango wa kizazi, mabadiliko yanayotangulia saratani huonekana kwa kupaka asidi dhaifu ya siki, kisha huondolewa kwa baridi kali au kwa joto, mara nyingi siku hiyo hiyo, na mama akarudi kupika chakula cha jioni nyumbani kwake. Akina mama wanaoishi na virusi vya UKIMWI wanahitaji uchunguzi huu mara nyingi zaidi kuliko wengine.

Ya pili ni mionzi. Mashine huelekeza nguvu ya mionzi mahali penye ugonjwa ili kuua seli za saratani. Mgonjwa hasikii maumivu anapolala chini ya mashine, wala harudi nyumbani na hatari ya kuwadhuru watoto wake, kama wengine wanavyodhani. Kwa saratani ya mlango wa kizazi iliyokwisha kukua kupita kiasi cha kisu, mionzi pamoja na dawa ndiyo tiba kuu, na wapo wanaopona kwayo. Lakini tazameni inavyodai: kwa kawaida ni siku tano kwa juma, kwa majuma kadhaa mfululizo. Kila siku ni dakika chache tu mashineni. Saa zote zinazobaki mgonjwa anahitaji mahali pa kulala, chakula na mtu wa kuwa naye.

Ya tatu ni dawa za saratani, ambazo wengi huziita kwa kifupi kemo. Hizi hupitia katika damu na kuufuata ugonjwa popote ulipo mwilini. Hutolewa kwa mizunguko, kwa mfano kila baada ya majuma matatu, ili mwili upate kupumzika kati ya dozi moja na nyingine. Nywele huweza kunyonyoka, nazo huota tena. Kichefuchefu huja, nacho kina dawa zake. Lakini kinga ya mwili hushuka, na hapa tunaomba kila msaidizi wa mgonjwa aweke neno hili moyoni: mgonjwa aliye katika dawa hizi akipata homa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asingoje kupambazuke. Na anayekatiza mizunguko katikati kwa kukosa nauli, au kwa sababu amejisikia nafuu, anaupa ugonjwa nafasi ya kurudi na nguvu.

Ipo pia tiba ya homoni. Baadhi ya saratani za matiti hulishwa na homoni za mwili wenyewe, na kwa hizo kidonge cha kila siku kiitwacho tamoksifeni, kinachomezwa kwa miaka mitano au zaidi, huzuia ugonjwa usirudi. Si kila saratani ya titi iko hivyo. Maabara ndiyo inayojua. Ni tiba isiyo na kelele, nayo huharibiwa na uvivu wa kumeza.

Na watoto tusiwasahau. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi Kampala, aliandika habari za uvimbe wa taya ulioshambulia watoto wa Afrika Mashariki. Miaka iliyofuata ikaonekana kwamba uvimbe huo, ingawa hukua kwa kasi ya kutisha, huyeyuka kwa dawa. Hadi leo uko mtoto ambaye wazazi wake wanadhani ni jino linalomsumbua, au kwamba ametupiwa kitu na jirani, wakati kila juma linalopita lina thamani ya uhai. Uvimbe wa taya, wa tumbo, au doa jeupe katika mboni ya jicho la mtoto ni habari ya hospitali, si ya ramli.

Sasa tuangalie ramani yetu. Sisi wa nyanda hizi za kati, kuanzia Mpwapwa na Kongwa, kupita Chamwino na Bahi, hadi Manyoni na Itigi, tunazo hospitali za kuanzia: ya Mtakatifu Gaspar pale Itigi, hospitali ya rufaa ya mkoa hapa mjini, na Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyofunguliwa mwaka 2015. Ulizeni kwanza huduma zilizopo hapa hapa, maana zinaongezeka. Lakini kwa miaka mingi mgonjwa wetu aliyehitaji mionzi hakuwa na njia ila kwenda Ocean Road, katika majengo ya hospitali ambayo Wajerumani waliyajenga kando ya bahari mwishoni mwa karne ya 19, na ambayo kwa sheria ya mwaka 1996 yakawa makao ya taasisi ya taifa ya saratani. Baadaye Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanisa pale Mwanza, nayo ilianzisha huduma ya saratani mwaka 2009 na kisha ikaongeza mionzi. Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ni kama kilometa 450. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme imeifupisha safari hiyo ikawa ya saa chache, nasi twashukuru. Lakini kwa mama wa kijiji aliyevuna magunia mawili ya uwele, tiketi ya kwenda, tiketi ya msaidizi, na majuma sita ya kulala na kula mjini ni mlima.

Mtu aweza kutuambia: hii ni kazi ya Serikali na bima. Ni kweli kwa sehemu yake. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na kila familia inayoweza kujiunga na bima isingoje kuugua. Tena mgonjwa asiyeweza kulipa asione aibu kuuliza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali juu ya msamaha wa gharama. Lakini kadi ya bima hailipi kitanda cha msaidizi, wala haimlimii mgonjwa shamba lake, wala haiwalindi watoto aliowaacha. Pengo hilo ni letu.

Mwingine atasema: kuzika wafu ni tendo la huruma. Hakika ni tendo la huruma, na kuwatazama wagonjwa ni tendo la huruma vilevile. Hatuombi marehemu wazikwe bila heshima. Tunaomba mpango mwema. Yule Msamaria wa Injili ya Luka hakumpita mtu aliyejeruhiwa ili baadaye amnunulie sanda nzuri. Alimfunga majeraha kwa mafuta na divai, ambazo ndizo zilizokuwa dawa za siku zile; akampandisha juu ya mnyama wake, ambayo ndiyo nauli; akamlipia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, ambayo ndiyo malazi; tena akaahidi kurudi kulipa kitakachozidi. Kila kitu ambacho mgonjwa wetu wa mionzi anakihitaji kimo katika mfano huo.

Wa tatu atasema: kwa nini tusimpeleke kwenye maombi tu, au kwa mganga? Hapa tuseme waziwazi. Mwaka 2011 taifa zima lilielekeza macho kijijini Samunge, Loliondo, ambako mchungaji mstaafu alitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, ikasemwa kwamba kinaponya magonjwa sugu, saratani ikiwamo. Magari yalipanga foleni kwa kilometa nyingi, na wapo wagonjwa waliotolewa vitandani hospitalini kwenda huko, wengine wakafia njiani. Hatusemi haya kwa kumdharau mtu aliyekwisha kufariki. Tunasema kwa sababu njaa ile ya tiba rahisi ingalipo, imebadilisha majina tu. Mungu aweza kuponya kwa namna apendayo. Lakini Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu na kuamini kwamba dawa zimetoka ardhini kwa mkono wa Mungu. Na si maneno matupu: mojawapo ya dawa zinazotibu saratani za damu kwa watoto, vinkristini, ilitokana na ua dogo lenye asili ya Madagaska ambalo wengi wamelipanda uani kama pambo. Tofauti kati ya dawa hiyo na majani yaliyochemshwa gizani ni kipimo: kiasi kinachoponya kimejulikana, na kiasi kinachoua kimejulikana. Basi mhubiri yeyote anayemwambia mgonjwa atupe dawa zake ili aonyeshe imani, mkimbieni. Sala na tiba si wake wenza wanaogombea nyumba moja.

Ndugu wapendwa, wako pia ambao ugonjwa wao umevuka uwezo wa kuponywa. Je, hapo mchango wetu ni bure? La. Daktari anaposema hakuna tena tiba ya kuponya, hajasema hakuna tena tiba. Iko tiba shufaa, ambayo kazi yake ni kuondoa maumivu na kumlinda mtu katika heshima yake. Mzee mwenye saratani ya umio aliyekuwa hawezi kumeza hata mate huweza kuwekewa kibomba, akanywa tena uji pamoja na wajukuu. Mionzi michache huweza kutuliza maumivu ya mifupa. Na iko mofini ya kunywa. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman, ambaye zamani alikuwa mtawa mmisionari, alianzisha hospisi nchini Uganda na kuonyesha kwamba unga wa mofini ukichanganywa na maji kwa kipimo sahihi ni dawa ya bei ndogo, inayoweza kumfikia maskini nyumbani kwake. Wengi wetu tunaiogopa tukidhani ndiyo dawa ya kumaliza mtu. Sivyo. Ikitolewa kwa kipimo cha daktari humwezesha mgonjwa kulala, kula na kusali. Kanisa nalo halidai kwamba mtu avumilie maumivu yanayoweza kutulizwa: Papa Pius wa XII aliwajibu madaktari mwaka 1957 kwamba ni halali kutumia dawa kali za kutuliza maumivu kwa mgonjwa mahututi, na fundisho hilo limedumu.

Tukiwa hapo tukumbushe na jambo la Sakramenti. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1963 kwamba Mpako wa Wagonjwa si kwa wale tu walio katika dakika za mwisho. Hata hivyo, bado tunaitwa usiku wa manane, mgonjwa hasikii tena wala hajibu. Tumegundua kwamba kuchelewa kumwita padre na kuchelewa kwenda hospitali ni ugonjwa mmoja: tunaogopa kulitamka jina la jambo lililo mbele yetu. Mgonjwa anayeanza mionzi Jumatatu na apakwe mafuta Jumapili. Wala msimfiche ukweli wa ugonjwa wake mkamwacha ajadiliwe jikoni kama mtoto. Mwili ni wake, na maswali ni haki yake: ugonjwa wangu unaitwaje, umefika hatua gani, tiba hii ni ya kuponya au ya kupunguza maumivu, itachukua muda gani, nirudi lini.

Basi tunapendekeza haya. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo iwe na mfuko wa nauli ya mgonjwa, hata kama kila nyumba itatoa shilingi mia tano kwa mwezi, au kopo la karanga wakati wa mavuno. WAWATA wachague siku moja katika miezi mitatu ya kwenda pamoja kituo cha afya kuchunguzwa mlango wa kizazi na matiti, maana aendaye na mwenzake haogopi. Wazazi wenye mabinti wa miaka 9 hadi 14 wawaruhusu kupata chanjo ya virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Ilianza nchini mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 ni dozi moja tu. Wakulima wakaushe vema mahindi na karanga kabla ya kuhifadhi, maana sumukuvu iliyoua watu katika wilaya za Chemba na Kondoa mwaka 2016 ndiyo hiyo hiyo inayoleta saratani ya ini polepole. Na anapopatikana mgonjwa, jumuiya imteue mtu mmoja wa kutunza faili lake na tarehe zake, mwingine wa kusafiri naye, na vijana wa VIWAWA wapalilie shamba lake.

Siku moja, mpenzi msomaji, daftari litapita tena katika mtaa wako. Tungefurahi sana likiwa limeandikwa juu yake si jina la marehemu, bali jina la mtu anayeondoka kesho asubuhi kwenda kutibiwa. Mwandikieni kiasi kile kile mlichokusudia kumpa akifa.

Bikira Maria, aliye Afya ya Wagonjwa, awaombee wote wanaougua katika nyumba zetu.